Kahawa ya Mzazi



Yako maswali ambayo mtu haulizwi ukumbini, huulizwa mlangoni. Mgeni amekwisha kunywa, amekwisha kuaga, amekwisha kuvaa viatu vyake, kisha, mkono u juu ya komeo, hukuinamia sikioni akakuuliza lile khasa lililomleta. Jambo ninalotaka tulizungumze leo ni katika maswali hayo ya mlangoni. Mwanamke kijana aliyejifungua karibuni, au mama yake, huniuliza: "Bibi, eti mwenye kunyonyesha anaweza kunywa kahawa? Haimdhuru mtoto?" Naye huuliza kwa sauti ya chini, utadhani anauliza khabari ya ulevi.

Mimi si daktari. Ni mwanamke wa Mji Mkongwe niliyezaa, nikalea, na sasa nawalea waliozaliwa na niliowazaa. Mengi ya haya nitakayokwambia nimeyapata kwa wakunga na kwa kusoma, na lile lililo rai yangu mwenyewe nitakwambia kuwa ni rai yangu, ulikubali au ulikatae.

Wewe mwenyewe wajua kwamba mji huu wetu saa zake huhesabiwa kwa kahawa. Alfajiri, watu watokapo msikitini, muuza kahawa amekwisha kuweka dele lake juu ya makaa. Baada ya Alasiri yupo tena. Baada ya Isha hivyo hivyo, na ukipita Sokomuhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, utawakuta wamejaa barazani, huyu na gazeti, huyu na dhumna, na kila mmoja na kikombe chake kidogo kisicho mkono. Kahawa yenyewe ni tungu, haina sukari. Atakaye utamu hununua kashata. Kukiwa na hitma, kahawa. Kukiwa na Maulidi, kahawa. Akija mgeni wa heshima, halua na kahawa. Na ndugu zetu waliohamia Maskati hawaachi kukumiminia mpaka ukitikise kile kikombe kuwa umetosheka.

Lakini hebu watazame hao walioketi barazani. Ni wanaume watupu. Mwanamke wa Kiunguja hunywa kahawa yake ndani, jikoni au ukumbini, pengine baada ya kila mtu kuondoka. Ya wanaume imezungumzwa na imetungiwa maneno. Kikombe cha mwanamke hakijazungumzwa na mtu, na ndiyo maana akiwa na mtoto kifuani, kila apitaye huwa na hukumu yake juu ya kikombe hicho.

Tuanze na hukumu, kwani wako wanaodhani kuwa lina mushkeli wa kisharia. Kahawa ilienea katika nchi ya Yemeni katika karne ya 15, na walioipenda mwanzo walikuwa masufi, waliokuwa wakiinywa ili waweze kukesha katika dhikri. Mwaka 1511, msimamizi wa mji wa Makka aliyeitwa Khair Beg aliipiga marufuku baada ya kuwakusanya baadhi ya wanavyuoni na matabibu, na buni zikachomwa moto. Marufuku hayo hayakudumu, kwani Kairo, iliyokuwa ikiitawala Makka wakati huo, haikuyaunga mkono kama alivyotaka. Mjadala ukaendelea hata hivyo, na karibu na mwaka 1558 mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri akaandika kitabu kizima cha kuthibitisha uhalali wake. Leo ni nadra kumsikia mtu akisema kahawa ni haramu. Basi swali la mwenye kunyonyesha ni la madhara: je, kinywaji hiki cha halali kinamdhuru mtoto? Na swali la madhara huulizwa wenye elimu ya miili, haliulizwi kila mwenye ulimi.

Nami hupenda kukumbuka kwamba wale wa mwanzo walikunywa kahawa ili wakeshe. Mwanamke mwenye mtoto mchanga naye hukesha. Hakuna aliyemfundisha dhikri ya kukesha huko, wala hakuna amhisabiaye usiku wake.

Sasa nikupe kisa cha nyumbani kwangu, kwa idhini ya wenyewe. Mke wa mwanangu alijifungua mtoto wa kiume. Mama yake mzazi yuko Pemba, na siku hizo hakuwa na afya ya kusafiri, basi arubaini yake akaikalia kwangu. Akakandwa kwa maji ya moto kama ada yetu, akapewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, na asubuhi, pamoja na mkate wake, hunywa kikombe kimoja cha kahawa kama alivyozoea tangu hajaolewa. Mtoto alikuwa akinyonya vizuri. Katika wiki ya tatu akaanza kulia jioni, kilio kile kinachoanza Magharibi na kisichosikia la kuambiwa. Msomaji uliyelea wakijua. Watoto wengi hupitia humo katika wiki hizo, wawe wananyonya kwa mama mnywa kahawa au asiyeinywa.

Mimi wakati ule nilikuwa shamba, Makunduchi, kwenye msiba, na nilikaa huko siku tatu. Nyuma yangu akaja mama mmoja wa mtaani, mtu mzima anayeheshimiwa, kuja kumtazama mzazi. Akamkuta mtoto analia na kikombe kiko juu ya meza. Akasema: "Mwanangu, kahawa inaingia kwenye ziwa. Mtoto wako analeweshwa. Ziwa hilo limekwisha kuharibika, lipumzishe." Akasema kwa mapenzi, sina shaka. Kisha akaenda zake.

Niliporudi nilikuta kopo la maziwa juu ya rafu na chupa ndani ya beseni. Mke wa mwanangu alikuwa ameketi kitandani, maziwa yamemjaa yamekuwa magumu kama mawe, ana homa kidogo, na machozi yanamtoka. Mtoto alikuwa ameanza kuharisha. Kopo lile lilikuwa limenunuliwa kwa fedha za matumizi ya nyumba nzima kwa siku kadhaa. Na kilio cha jioni kilikuwa pale pale, hakikupungua hata robo saa.

Asubuhi yake tukaenda kwa mkunga. Akamsikiliza, akamshika maziwa, akampima mtoto. Akauliza: "Unakunywa vikombe vingapi?" Akajibiwa, kimoja. Akauliza: "Na unalala saa ngapi?" Hapo mke wa mwanangu akanitazama mimi, kisha akatazama chini, asijibu. Mkunga naye hakulisukuma lile jambo. Akamwekea mtoto kifuani pale pale, akamwambia amnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku, akamue yanayobaki, na ile chupa aiondoe. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, siku ya tano mtoto alikuwa hanyonyi kitu kingine ila ziwa la mama yake.

Nililojifunza baada ya hapo, kwa kuuliza na kusoma, ni hili. Ndani ya kahawa mna kitu kiitwacho kafeini, na hicho ndicho kinachofukuza usingizi. Mama anywapo, kafeini huingia katika damu yake, na kutoka humo sehemu yake hupita katika maziwa. Basi yule mama wa mtaani hakusema uwongo aliposema kuwa inaingia kwenye ziwa. Yaingia. Lakini inayoingia ni kama sehemu moja katika mia ya ile aliyokunywa mama, mara nyingine hata pungufu. Huwa nyingi zaidi katika maziwa baina ya saa 1 na saa 2 baada ya kunywa, kisha hupungua.

Ama mtoto naye, hapa ndipo pa kuangalia. Mtu mzima akinywa kahawa, nusu ya kafeini yake huwa imekwisha kutoka baada ya saa 5 hivi. Mtoto mchanga ini lake halijakomaa, na nusu hiyo hiyo humchukua siku 3 au 4 kuitoa. Kwa hiyo tone la leo hulikuta tone la jana halijaondoka. Afikapo miezi mitatu minne uwezo wake umekua sana, na akifika miezi sita huwa anakaribia kuwa kama sisi. Mama anayeogopa kahawa katika arubaini ana asili ya kuogopa, na anayekunywa vikombe sita katika wiki zile za mwanzo hana budi apunguze, khasa ikiwa mtoto ni njiti. Lakini kikombe kimoja ni kikombe kimoja.

Na kuna jambo lililonishangaza nilipolisikia. Watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao, wana tatizo la kusahau kuvuta pumzi. Dawa wanayopewa hospitalini ni kafeini hiyo hiyo, kwa kipimo cha daktari, nacho ni kipimo kinachozidi mara nyingi kile kinachopita katika ziwa la mama mwenye kunywa kikombe kimoja. Sikwambii haya ili umpe mtoto kahawa! Mtoto hapewi kahawa hata tone. Ile ni dawa na ina wenyewe. Nakwambia ili ujue kuwa kitu hiki hakikuwa sumu ambayo tone lake likigusa ziwa, ziwa limekwisha.

Huko Brazili, katika mji wa Pelotas, watafiti waliwafuata watoto waliozaliwa mwaka 2004 na wakawatazama 885 kati yao walipofika miezi mitatu, kujua kama wale ambao mama zao wanakunywa kafeini nyingi huamka zaidi usiku. Wabrazili, kama ujuavyo, kwa kahawa hawatuachi nyuma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Na mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa rai yake kwamba mama anayenyonyesha asiyezidisha miligramu 200 za kafeini kwa siku, hapana la kumkhofia mtoto wake.

Utauliza: miligramu 200 ni vikombe vingapi? Mamlaka hiyo ilihisabu kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja, cha mililita 200, kuwa kina miligramu kama 90. Kikombe cha chai ya majani meusi kina kama 50. Kopo la soda ya kola lina kama 40. Kopo dogo la vile vinywaji vya kuongeza nguvu, la mililita 250, lina kama 80. Kikombe chetu cha dele ni kidogo mno kuliko kile chao cha kahawa, lakini kahawa yetu huchemka juu ya makaa saa nzima, na wengine huipika nzito. Tena iko tofauti ya buni. Buni za Bukoba ni za namna ya robasta, nazo zina kafeini karibu mara mbili ya zile za arabika zitokazo Kilimanjaro. Wahaya wenyewe huzitafuna zikiwa zimechemshwa na kukaushwa, na huo ni ukarimu wao kwa mgeni kama ulivyo wetu wa halua. Basi ukitaka kujua dele la nyumbani kwako lina nini, anza kwa kuuliza buni zake zimetoka wapi. Rai yangu mimi, nayo ni rai tu: kikombe kimoja au viwili vidogo kwa siku katika arubaini, na baada ya hapo mama ajitazame na amtazame mtoto.

Ila hisabu hii haiwi sawa ukihisabu kahawa peke yake. Nawajua wanawake walioacha kahawa kwa ajili ya mtoto, nao wakahamia chai, wakanywa chai ya rangi asubuhi, chai ya maziwa saa nne, chai tena baada ya Alasiri, na usiku soda baridi kwa sababu ya joto. Hao kafeini hawakuiacha, waliibadilisha nguo. Na hivi vinywaji vya kuongeza nguvu, vilivyojaa madukani tangu Darajani mpaka vijijini, vijana wetu wa kike huvinywa kama maji, kwa kuwa havina harufu ya kahawa na hakuna bibi anayewakemea. Hata baadhi ya vidonge vya kichwa vimetiwa kafeini ndani yake. Soma karatasi yake kabla ya kumeza.

Na kuna jambo la damu, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko la usingizi wa mtoto, na silisikii likitajwa na wanaokataza. Kahawa na chai, zikinywewa pamoja na chakula, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na chuma ndicho kinachojenga damu. Mwanamke aliyetoka kuzaa amepoteza damu, na upungufu wa damu visiwani kwetu ni maradhi tunayoyajua. Tumempikia maini, tumempikia mchicha, kisha tukampa chai nzito ateremshie, na faida nyingi ikateremka nayo. Mfanye akae saa moja baada ya kula ndipo anywe. Juu ya chakula mkamulie ndimu au mpe chungwa, kwani hizo husaidia chuma kuingia.

Wako wasemao kahawa hukausha maziwa. Hilo sikuliona kwa wakunga niliowauliza wala katika niliyoyasoma. Maziwa huletwa na mtoto kunyonya. Akinyonya mara nyingi huja mengi, akipewa chupa hupungua. Kilichokuwa kinataka kuyakausha maziwa ya mke wa mwanangu ni lile kopo juu ya rafu.

Nimesema kuwa mkunga aliuliza khabari ya usingizi na hakujibiwa. Jawabu nililipata mwenyewe, baada ya siku nane tisa, saa tisa za usiku. Niliamka kutia udhu nikaona taa ukumbini. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama, mtoto begani, mkono wa pili umeshika kikombe. Kahawa ya jana jioni, baridi, ameimimina kutoka ndani ya dele. Nikamwambia: "Mwanangu, saa hizi?" Akasema: "Mama, nikikaa nitasinzia na mtoto mikononi. Naogopa nitamwangusha."

Msomaji wangu, mimi nilitoka katika swali la kahawa usiku ule. Binti yule hakuwa na uchu wa kahawa. Alikuwa ameshika kikombe kama mtu aliyeshika ukuta asianguke. Na khofu yake ni ya kweli, kwani mama kusinzia kitini na mtoto mchanga mikononi ni katika hatari kubwa kwa mtoto, na yametokea mauti kwa njia hiyo. Sasa mwenye kumwambia "acha kahawa" na asimwambie nani atampokea mtoto, amemwambia nini?

Chumba cha pili mwanangu alikuwa amelala. Simlaumu kwa kulala, kazi yake ni ya bandarini na ni nzito. Lakini baada ya Isha alikuwa na saa zake mbili tatu za baraza, na vikombe vyake vinne vya kahawa, na hakuna mama wa mtaani aliyepata kumkemea kwa kikombe hata kimoja. Siku ya pili nikamwita. Nikamweleza niliyoyaona. Akanijibu, bila ya ubishi, kama mtu asemaye jambo lililo wazi: "Sasa mama, mimi nina maziwa?"

Nikamwambia: "Maziwa huna. Mabega unayo."

Kisha nikamkumbusha aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo yeye aliisoma chuoni tangu mdogo. Humo Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza. Akamwekea baba jukumu la chakula cha mama na nguo yake kwa wema. Akakataza mama asitiwe mashakani kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Tena akasema wazazi wakitaka kumwachisha ziwa mtoto kabla ya miaka miwili, iwe kwa kuridhiana wao wawili na kushauriana. Tafadhali rejea uisome mwenyewe na uitafakari. Kumwachisha mtoto ziwa kumewekewa shuri baina ya watu wawili, na katika nyumba yangu kulifanywa kwa neno la mpita njia, baba yuko kazini, wala hakuulizwa wala hakuuliza. Alipopewa khabari alitoa fedha za kopo, basi. Fedha alizitoa kwa moyo mweupe, hilo namshuhudia. Lakini kutoa fedha za kopo si kushauriana.

Wako watakaosema kuwa nimeipanua aya, na kwamba kumbeba mtoto usiku hakukutajwa humo. Nami nasema, mashaka yaliyokatazwa hayakuwekewa orodha. Mwanamke anayekesha mpaka anamwogopea mtoto asimwangukie, ikiwa hayo si mashaka kwa sababu ya mwanawe, basi nionyeshwe yaliyo mashaka.

Tukapatana hivi. Baada ya Isha, mtoto akisha kunyonya, baba yake humchukua. Humweka begani, humtembeza ukumbini, akipenda hushuka naye mpaka barazani kwa wenzake, akirudi saa tano mtoto amelala. Mama hulala tangu kunyonyesha kule mpaka mtoto atakapotaka tena, na hizo ni saa mbili tatu mfululizo, ambazo kwa mwenye mtoto mchanga ni mali. Alfajiri namchukua mimi. Siku za kwanza wenzake walimfanyia maskhara pale barazani, wakimwita yaya. Yeye akacheka nao, akaagiza kahawa yake. Kilio cha jioni hakikukoma kwa mpango huu, kilikoma chenyewe mtoto alipokaribia miezi mitatu, kama wafanyavyo wengi. Lakini kilikuwa sasa kinaliliwa juu ya mabega matatu, si moja.

Na kahawa je? Hakuna aliyemkataza mke wa mwanangu. Ile ya usiku aliiacha mwenyewe, kwa kuwa haja yake iliondoka. Ya asubuhi anaendelea nayo mpaka leo, na hunywa akisha kumnyonyesha mtoto, ili ule wakati ambao kafeini ni nyingi zaidi katika maziwa umpite mtoto akiwa amelala. Kwa mtoto aliyekwisha kupata mpangilio wa kunyonya, hilo ni jambo jepesi kulifanya.

Ikiwa wewe, dada yangu, unamwona mwanao hatulii, ana mitetemeko, macho makavu na wewe unakunywa kahawa au chai nyingi, punguza. Usiache kwa siku moja, utaumwa na kichwa. Toa kikombe kimoja leo, kingine kesho kutwa. Na ukisha kupunguza ngoja wiki nzima kabla ya kuhukumu, kwa sababu ile iliyomo mwilini mwake haitoki kwa usiku mmoja. Ikiwa baada ya wiki yuko vile vile, kahawa haikuwa ndiyo, mpeleke akatazamwe. Na ziwa usimwondolee katika hali zote hizo.

Lililobaki ni la Ramadhani, kwa kuwa naulizwa kila mwaka. Mwenye kunyonyesha akijikhofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula, na hukumu ya kulipa aiulize kwa sheikh wake. Ama yule aliyeona anaweza kufunga na akafunga, aangalie saa zake za usiku. Tangu futari mpaka daku ni saa chache, na katika hizo chache watu wetu huweka chai ya futari, kahawa baada ya Tarawehe, kahawa kwa wageni, na chai ya daku. Vikombe vya siku nzima vimekusanywa katika nusu ya usiku, na maji hakuyanywa. Ningemwambia atangulize maji na uji, kahawa iwe kikombe kimoja baada ya Tarawehe, na daku aile bila ya chai. Na yule anayekwenda Tarawehe akamwacha nyumbani mwenye mtoto, akirudi asipitie barazani kwanza.